Kanzu Yangu Chini ya Kwato za Tausi

Hili nilitaka nife nalo, wallahi, lakini kwa kuwa nusu ya Kerege walilishuhudia na nusu nyingine wamesimuliwa kwa kutiwa chumvi, bora mlisikie kwangu mimi niliyelala chini, maana wenzangu wote waliliona kwa juu.

Mimi ni mtu wa punda. Tangu ujana wangu hapo Bagamoyo nimeswaga punda wa maji, wa mchanga, wa mawe ya kujengea (shule niliiacha mara tu nilipojua kuandika jina langu, nikaona panatosha), kwa hiyo niliposikia Kerege kuna mwalimu anatafuta watu wa kuongoza farasi nikacheka, nikasema farasi si punda tu aliyelishwa vizuri, nikaenda. Mwalimu mwenyewe ni mama wa Tanga, Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi yake ni hii: watoto ambao viungo haviwashiki, shingo inalegea, kiuno kinalegea, anawapandisha juu ya farasi anayetembea taratibu, kwa sababu kiuno cha farasi kikicheza kinamchezesha na mtoto vilevile kama anatembea kwa miguu yake, na mwili unajifunza. Siku ya kwanza nilijua nimefika kwa mwenye wazimu. Sasa sisemi hivyo.

Nilidhani tutamfundisha farasi, kumbe tunafundishwa wote. Farasi jike, jina lake Tausi, mtu mzima mwenzangu, alipigiwa madebe, akapeperushiwa mifuko ya nailoni machoni, akaangushiwa magongo miguuni, akafunguliwa mwavuli karibu na sikio, kila siku, taratibu, mpaka ikawa hata ufanye nini anageuza sikio moja tu na kusimama. Na sisi tukafungwa vitambaa machoni tukapandishwa juu, ati tujue mtoto anavyojisikia. (Mimi nililia. Machozi hayakutoka, nililia kwa sauti, nikamkumbatia Tausi shingo nikamwita mama.) Halafu makatazo: usivae nguo inayopepea, usipige kelele, na kamba usiizungushe mkononi, ikunje uishike, ili mambo yakiharibika uweze kuiachia. Nikaitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, huku moyoni nasema kamba ya punda nimeizungusha maisha yangu yote na mikono yangu hii hapa.

Sasa kulikuwa na mtoto, Sauda, mdogo tu, ameanza kuota meno ya ukubwani, analetwa na mama yake kutoka mjini Bagamoyo. Alipokuja alikuwa kama nguo iliyofuliwa, ukimweka anaanguka. Baada ya kupanda kwa muda akaanza kukaa mwenyewe mkekani, akala ubwabwa kwa mkono wake, mama yake akalia mbele yetu. Lakini bibi yake mzaa baba, Bi Kidawa, mama wa nyumba kubwa kule mji mkongwe, yeye akasema mjukuu wake si gunia la kupandishwa kwenye mnyama, na neno lake pale nyumbani halirudiwi. Akatoa fursa moja: atakuja Ijumaa kuona kwa macho yake, na asiporidhika mtoto harudi tena.

Ijumaa! Mnaona inakoelekea? Bi mkubwa wa watu anakuja, halafu mimi nimpokee na suruali ya samadi? Nikaamua kanzu. Hayo ndiyo makosa, hakuna mengine, mengine yote yaliifuata hiyo kanzu kama vifaranga. Nikavaa kanzu nyeupe aliyoninunulia mwanangu, ndefu inafagia vidole, nikajifukiza udi, na kwa kuwa bukta zangu zilikuwa kambani mbichi, nikavaa ya mjukuu wangu, ya njano, ina picha za vibata. (Nani ataiona, nikasema.)

Mwalimu Rehema aliponiona wageni wamekwisha kaa. Akaninong'oneza, "Mzee Shomari, hiyo nini?"

"Ni heshima, Mwalimu. Nitaishika pindo."

Akatazama wageni, akatazama mtoto amekwisha pandishwa, wenzangu Salma kulia na Juma kushoto wamemshika mapaja kama inavyotakiwa. Akasema, "Ishike kwelikweli."

Nikaishika. Sasa mkono mmoja una pindo, kamba imebaki kwa mkono mmoja, inateleza, nifanyeje? Nikaizungusha. Mara moja, mara mbili, imekaza. Tukaondoka vizuri, Tausi anatembea kama bibi harusi, Sauda yuko juu na kofia yake ngumu, nami kifua mbele. Tukafika mbele ya Bi Kidawa. Amekaa wima, kajitanda kanga zake, uso haujasema lolote.

Jamani, utampita mtu mzima mwenzio bila salamu?

"Asalaam alaikum, Bi mkubwa!" nikasema, na mkono wa pindo nikaupeleka kifuani.

Kanzu ikashuka. Tausi akaweka kwato juu yake. Mimi nikapiga hatua, kanzu haikupiga hatua.

Nilisikia kraaa! kuanzia kiunoni mpaka sijui wapi, nikaenda chini kifudifudi, na kwa kuwa kamba ilikuwa imenikaba mkono, kichwa cha Tausi kikaja nami chini, na kipande cha kanzu kikapeperuka kikamfunika macho. Mtoto yuko juu. Mimi niko kati ya miguu ya mbele. Naona kwato hii hapa, kubwa kama kinu, karibu na pua yangu.

Nikapiga yowe. Laiti ningeishia hapo! Ulimi wangu, mnajua, umelelewa na punda, ukatoa lile tusi tunalowapigia punda wakigoma kilimani, zima, pamoja na mama yake, Ijumaa, mbele ya Bi Kidawa.

Juma na Salma hawakuja kunitoa, maana ndivyo tulivyofundishwa, mkono wako ni wa mtoto, mwenzio hata afe. Mwalimu Rehema akaja polepole kama anaokota maua. "Nyamaza, Mzee. Achia kamba."

"Haiachiki!"

"Nyamaza basi."

Akamfunua Tausi macho, akaifungua kamba mkononi mwangu, kidole cha kati kimekwisha pinda upande sio wake. Na Tausi? Hakusogea. Macho yalifunikwa, kichwa kimevutwa, mtu anatukana chini ya tumbo lake, akageuza sikio moja tu. Juu yake Sauda alikuwa ameinama anichungulie, kisha akajinyoosha mwenyewe, mgongo wima, akacheka.

Nikasimama nitoe udhuru, vicheko vikalipuka, ndipo nikakumbuka vibata. Bi Kidawa akaniinukia, akavua kanga ya juu, akanitupia usoni. "Jisitiri, mtu mzima wewe!" Akamchukua mjukuu wake, akaingia kwenye gari, akaondoka bila kuaga.

Nikarudi Bagamoyo kwa bodaboda nimejifunga kanga ya mwanamke, kidole kimevimba, na yule dereva akamsalimia kila tuliyepishana naye, makusudi nitazamwe. Nyumbani mke wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Baba Abdu, kanga ya nani hiyo?"

"Ni habari ndefu."

"Kanga ina marashi, mwenyewe umetoka na udi, kanzu huna. Habari si ndefu, ni fupi sana."

Nililala barazani. Lakini haki ya Mungu, kilichonikosesha usingizi hakikuwa mke wala kidole. Ni yule mtoto. Nilimwona ananyoosha mgongo, na mimi kwa ajili ya kanzu nimemfungia mlango.

Jumatatu nikaenda Kerege na suruali, kanga nimeifua, nimeikunja, nikitaraji kufukuzwa. Gari likaingia. Bi Kidawa akashuka na Sauda mkononi, akapokea kanga, akainusa kwanza, kisha akamwambia Mwalimu huku akinitazama mimi:

"Nilikuja kutafuta sababu ya kumwondoa mtoto. Nikapewa sababu kubwa, imelala chini na bukta. Lakini yule mnyama alivutwa, akafunikwa, akatukaniwa mama yake, naye akamshika mjukuu wangu. Atapanda. Ila kamba ya Sauda huyu mzee asiiguse."

Sijaigusa. Anaongozwa na Salma, na mimi nimepewa kazi mpya, msicheke: kila farasi mgeni akija kufunzwa, Mwalimu hunilaza chini karibu naye nipige yowe (tusi nimekatazwa), na asiyesimama kama Tausi hapewi mtoto. Kanzu nimenunuliwa nyingine, na nimekula yamini: nikiwa nimeivaa sikaribii chochote chenye kwato, hata mbuzi wa Idi watamchinja mimi nikiwa dirishani.