Meseji Niliyotuma Bila Kusoma

Shule niliacha darasa la pili, na kwa miaka mingi sikuona hasara yake. Lori langu la kwanza nililinunua nikiwa siwezi kusoma maandishi ya ubavuni mwake. Waliomaliza shule walikuja kwangu Molo kuniomba kazi, nikawapa na kuwafokea. Nambari nilizijua, na katika biashara ya viazi hizo zilinitosha.

Mwaka wa 2007 nikanunua simu, ile ndogo ya tochi. Kila asubuhi dalali wangu wa soko la Nakuru alinitumia meseji yenye bei ya gunia. Mimi nilitafuta nambari katikati ya maneno, nikiiona nabonyeza, na meseji inaenda vile ilivyo kwa wakulima wangu wote wa Kuresoi na Keringet. Mke wangu ndiye aliyenifundisha pa kubonyeza. Wakulima walifurahi kujua bei kabla lori halijapanda mlima. Walisema hakuna mnunuzi mnyoofu kama mimi, nami nikavimba kichwa.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu hasa. Kabila lake si langu. Kwa miaka ishirini mimi nilileta mbegu, yeye akatoa shamba na jasho, tukivuna tunagawana nusu kwa nusu bila karatasi yoyote. Nikifika kwake alinipigia kelele kutoka shambani: "Huyo amekuja na tumbo lake, ficheni viazi!"

"Vyako ni vidogo," namjibu, "vimejificha vyenyewe."

Mke wake anacheka, chai inakuja.

Baada ya kura ya Desemba mwaka huo makabila yakaanza kupigana, barabara zikafungwa, na siku kadhaa sikupata bei. Halafu asubuhi moja simu ikalia. Ilikuwa meseji ya dalali, ndefu kuliko kawaida, na ndani yake nikaona 1,500. Nikashukuru Mungu: soko limefunguliwa, na bei imepanda. Nikabonyeza.

Chai yangu haikuwa imepoa mkulima mmoja wa Keringet akapiga simu. "Mzee, hii umetuma ni ya ukweli?"

"Bei ni bei. Unataka nikuapie?"

"Bei gani, mzee? Umeisoma lakini?"

Nikamkatia simu kwa hasira, nikampa mke wangu aisome. Alisoma kimya, kisha akaketi juu ya gunia. Ilisema watu wa kabila la rafiki yangu wahame Kuresoi kabla jua halijatua, vijana 1,500 wako tayari na moto.

"Umetumia nani?"

"Wote."

"Hata yeye?"

Nilimpigia mara nyingi, nikaambiwa hapatikani. Dalali naye, nilipompata, alisema ametumiwa na mtu asiyemjua, akaona anipitishie nijue tu.

Siku hiyo hakuna kijana wa moto aliyepanda ule mlima. Moto ulikuja baada ya siku tisa, ukakuta nyumba tupu. Wako wanaoniambia meseji yangu iliwaokoa. Sitaki kuambiwa hivyo. Rafiki yangu hakukimbia vijana wa moto. Alinikimbia mimi, maana nambari iliyomfukuza ilikuwa yangu.

Nilimpata Februari kwenye kambi ya waliofukuzwa, pale Nakuru, akiwa kwenye foleni ya maji na mtungi mkononi. Hakunisalimu. Alitoa simu mfukoni, akanisogezea usoni.

"Soma."

"Sijui kusoma," nikasema. Nje ya nyumba yangu sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo.

Akacheka, kicheko kibaya. "Wewe? Unakuja kwangu kila wiki na gazeti kwapani, leo hujui kusoma?"

"Nilikuwa nalibeba tu."

"Ulikuwa unalibeba." Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mwizi akijitetea. "Afadhali ungesema ulikasirika, ukachukuliwa na wenzako. Hiyo ningeielewa. Lakini usinifanye mjinga, mzee."

Foleni ikasogea, naye akasogea nayo. Nilitafuta mtu wa kunitolea ushahidi kwamba sijui kusoma. Alikuwa mmoja tu duniani, mke wangu, na tangu tuoane nilikuwa nimemkataza asimwambie mtu yeyote.