Linki Iliyogoma Garsen

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeuona mto Tana ukihama njia yake na kumwachia mtu shamba ng'ambo ile na nyumba ng'ambo hii. Siku za mafuriko ya Elinino nimeona mamba akitolewa ndani ya duka, na mwenye duka akiuliza kwanza kama sukari imelowa. Nimepakia mbuzi kwenye malori ya Madogo nikiwa sina viatu, na leo nina nyumba ya mawe yenye vyumba sita, na shule niliiacha darasa la nne. Kwa hiyo kompyuta ilipofika Garsen, wenzangu wakachungulia dirishani kama watu wanaotazama maiti. Mimi niliingia, nikaketi, nikauliza swichi iko wapi.

Wakati huo nilikuwa tayari na chumba cha simu karibu na steji ya mabasi. Laini moja, saa ya ukutani ya kuhesabia dakika, benchi la wanaongoja, na jenereta nyuma ya nyumba. Maji yalipopungua, shirika moja la misaada lilifunga ofisi yake na kuuza vitu vyake: mahema, vitanda, mapipa, na kompyuta moja. Watu waligombania mapipa. Mimi nikachukua kompyuta. Karani wao alikaa nami siku mbili akinifundisha kuiwasha, kuiunganisha na simu ili ipige Mombasa ikachukue barua pepe, na kuizima bila kung'oa waya ukutani. Siku ya kuondoka alinipa wosia mmoja tu.

"Mzee, ikikuuliza kitu usichokielewa, wewe bofya hapana. Hutaharibu kitu."

Wosia huo niliupokea kama mtu anayempokea ndugu yake nyumbani. Hapana ndilo neno lililonitajirisha. Ukija kukopa, hapana. Ukija na hadithi ya mgonjwa na hujui hata amelazwa wapi, hapana. Ukija asubuhi kuomba kibarua na mimi nina watu wa kutosha, hapana, njoo kesho. Kiingereza changu ni kidogo, sikatai, lakini neno lao la hapana nalitambua hata kwa mbali, kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake kundini.

Basi nikaandika kibao kwa mkono wangu, rangi nyekundu: BARUA PEPE, SIMU. HAKUNA KISICHOWEZEKANA. KISIPOWEZEKANA HULIPI. Wakacheka. Baada ya miezi michache wakaacha kucheka. Anwani ilikuwa moja, yangu, na barua za watu wa mto mzima ziliingia humo: za Ndera, za Wenje, hata za Kipini. Nikipata barua ya mtu naichapisha, naikunja, naipa lori linalokwenda kwao. Hakuna barua iliyopotea mikononi mwangu. Hata moja.

Ndivyo barua ya mwalimu mmoja ilivyomfikia kule Wenje. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, akifundisha shule ya msingi. Nilimwona Jumatano moja wakati wa masika akiteremka kwenye lori la ndizi, na nyuma yake mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Barua ilikuwa kwa Kiingereza. Mwalimu akanieleza: chuo kimoja cha nje kimempa nafasi ya kusoma mwaka mzima jinsi ya kufundisha watoto viziwi, gharama zote juu yao. Lakini lazima afungue linki iliyo ndani ya barua, yaani yale maandishi ya buluu yenye mstari chini, ajaze fomu huko, na aitume kabla Ijumaa haijaisha.

"Mdogo wake hasikii," mama akaniambia. "Ana miaka tisa. Shule wamemrudisha mara mbili. Ni huyu tu nyumbani anayeweza kuzungumza naye, kwa vidole. Sasa huyu akisomea, si yule peke yake atakayepona. Wako wengi huku, wamefichwa majumbani."

"Mama," nikamwambia, "umefika. Kaa kwenye benchi."

Nikapiga Mombasa. Mashine ikalia ule mlio wake wa paka kwenye bati, ikashika. Nikafungua barua, nikasukuma kipanya mpaka kwenye buluu, nikabofya kwa madaha.

Kimya. Halafu kisanduku kikatokea. Nikageuza kioo kidogo, mwalimu akakisoma kutoka upande wake wa meza: hakuna programu ya kufungulia.

Nikabofya tena. Nikabofya kwa nguvu, maana wakati ule niliamini nguvu inasaidia. Kisanduku kilekile. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipangusa vumbi. Mwalimu akainakili anwani ya ile linki kwenye karatasi, mistari miwili na nusu ya herufi, namba na alama zilizojikunja kama minyoo, tukaiandika wenyewe kwenye ile programu ya kufungulia kurasa, ambayo siku hizi wasomi wanaiita kivinjari. Ikatuambia ukurasa huo haupo. Tukaandika upya, laini ikakatika. Tukaandika mara ya tatu, haupo.

Kwenye benchi alikuwako mfugaji mmoja wa Kiorma aliyekuwa akingoja kumpigia ndugu yake Garissa. Alikuwa ameiegemea fimbo yake akitutazama.

"Mzee," akasema, "ng'ombe yangu ikikataa kusimama, mimi navuta mkia. Hii ng'ombe yako mkia si iko hapa?" Akaonyesha waya wa kipanya.

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia simu imeharibika mpaka alasiri.

Mwalimu aliwaandikia chuo wamkubali kwa barua tu. Alhamisi asubuhi tukapata jibu, na ukilisoma unajua halikuandikwa na mtu: asante kwa kutuandikia, tafadhali fungua linki. Kwenda Malindi, ambako kulikuwa na mashine nyingine ya kulipia, hakukuwezekana. Tangu Jumapili barabara ya huko ilikuwa chini ya maji na mabasi yamelala. Kwa hiyo ilikuwa mashine yangu au hakuna. Alhamisi nzima nilipiga Mombasa, nikabofya, nikakata, nikapiga tena, na saa ya ukutani inahesabu. Nilibadilisha waya. Niliisogeza meza. Jioni mwalimu aliacha kuniuliza, na hapo ndipo nilipoumia. Mtu akikuuliza bado anakutegemea.

Mama yake hakuacha. Alisimama mbele ya kibao changu akakisoma polepole, kwa sauti, mpaka steji yote ikasikia.

"Hakuna kisichowezekana. Baba, hiki kibao uliandika kabla ya kuinunua hiyo mashine au baadaye?"

"Kesho, mama."

"Kesho ndiyo Ijumaa."

Ijumaa walifika saa mbili kasoro. Mwalimu alikuwa amevaa nguo safi kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Akavuta kiti, akakaa karibu nami, jambo ambalo siku mbili zile sikumruhusu. Mashine yangu ilikuwa haiguswi, hata barua yake alinisomea nikaiandika mimi, wala sichunguliwi begani. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, nikamwacha.

Nikaiwasha. Nikaifungua ile programu ya kurasa, na kama kawaida yake ya kila siku, ikaleta kisanduku chake cha asubuhi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye hapana.

"Ngoja, baba," mwalimu akasema. "Hicho kilikuwa kinasema nini?"

"Hicho? Hicho hakina neno. Kinakuja kila siku. Nakibofya hapana, kinaondoka."

"Kila siku?"

"Tangu mwaka jana."

"Ifunge, halafu uifungue tena. Nataka kukisoma."

Nikaifunga, nikaifungua. Kisanduku kikarudi, mpole vilevile. Akakisoma kimoyomoyo, kisha akanitafsiria neno kwa neno. "Kinasema hivi: mimi sijachaguliwa kuwa wa kufungua kurasa zako. Je, ungependa kunichagua niifanye kazi hiyo?"

Nikautoa mkono kwenye kipanya.

"Kwani kabla ya hiki," akaniuliza, "kazi hiyo ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na sikuipenda kumbukumbu yenyewe. Mwaka uliotangulia mashine ililalamika imejaa. Nikapekua, nikakuta programu mbili, zote za kufungulia kurasa. Mimi ni mwajiri. Nikiona watu wawili wamesimama mlango mmoja, najua mmoja anakula mshahara bure. Nikamfuta wa zamani bila kuuliza mtu, nikajisifu kwa wiki nzima jinsi nilivyopata nafasi. Kumbe niliyemfukuza ndiye aliyekuwa ameandikwa kazi, na aliyebaki hakuwa ameandikwa. Alikuwa akija kila asubuhi kuomba.

Nikawaeleza, maana hawakuniacha nisieleze. Mama aliinuka kwenye benchi, akashika kiuno.

"Kumbe! Kibarua anasimama mlangoni kwako kila asubuhi, anakwambia nipe kazi nikubebee mzigo, wewe unamfukuza. Halafu mchana kutwa unalia mzigo hauna mbebaji!"

Nimesema hakuna kitu cha kunishangaza. Kile si mshangao. Sijui nikiite nini. Mimi, nikiwa kijana, nilisimama mlangoni kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisomali kule Madogo asubuhi kumi na moja mfululizo. Alikuwa na mbuzi wa kupeleka Mombasa na malori mawili. Kila asubuhi nilisema nipe kazi, na kila asubuhi alisema hapana bila kuinua macho kwenye kikombe chake. Asubuhi ya kumi na mbili mpakiaji wake aliumwa tumbo. Mzee yule akanitazama mara ya kwanza, akasema, "Haya, panda." Kila nilicho nacho kimetoka kwenye haya ile. Na hii mashine, bila miguu wala njaa, ilikuwa imenivumilia zaidi ya nilivyomvumilia yule mzee.

Nikakishika kipanya. Nikabofya ndiyo.

Hakuna kilichotokea. Kisanduku kiliondoka tu, kama mtu aliyeambiwa sawa akaenda kuvua shati aanze kazi. Nikapiga Mombasa. Nikafungua barua. Mama alikuwa amenishika bega bila kujua. Nikabofya ile buluu, mara moja tu, taratibu.

Ukurasa ukaanza kushuka. Kwanza mstari wa rangi juu, halafu nembo ya chuo nusu, halafu nembo nzima, halafu jina la mwalimu likiwa limeandikwa tayari, lamngoja yeye. Hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya vibonye akaanza kujaza, na machozi yanateremka huku anaandika, hata kuyafuta hakuyafuta asije akapoteza laini. Yule Mworma alikuwa amerudi kujaribu simu yake tena. Akainama akatazama.

"Imesimama," akasema. "Umevuta mkia?"

"Nimeuvuta," nikamwambia, na siku hiyo nikacheka.

Adhana ya Ijumaa ilipolia fomu ilikuwa imekwenda na jibu limerudi, nikalichapisha nakala mbili. Moja aliichukua mwalimu. Nyingine mama aliikunja akaitia kifuani, ijapokuwa Kiingereza hajui. Kisha akafungua pindo la leso yake palipokuwa na fundo la noti.

"Haya, baba. Siku tatu za simu. Kibao kinasema kikiwezekana tunalipa."

Sikiliza. Mimi pesa siikatai. Waulize Garsen nzima. Lakini nilitazama lile fundo, nikaona linki haikuwa imeshindikana siku zile mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nimeizuia.

"Funga leso yako, mama," nikasema. "Zile simu zilikuwa zangu. Nilikuwa namsaili kibarua."

"Usaili wa siku tatu?"

"Mimi sichukui mtu ovyo."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwalimu aliondoka kabla ya mwaka kwisha, akasoma, akarudi, na darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto saba, mdogo wake akiwa mmoja wao. Na mimi nikawa fundi wa linki. Ofisi zote za mto, na maofisa wenye digrii zao, mashine ikigoma kufungua buluu wananitumia gari. Naingia, naomba waifungue ile programu, nangoja kisanduku kije, nawaambia wanisomee. Wakimaliza kusoma wanaona haya wenyewe. Sijawahi kwenda mahali nikarudi nimeshindwa. Kibao bado kipo, na rangi nimeipaka upya.

Watu husema nilipata bahati ya bure. Si ya bure. Mwisho wa mwezi ule posta walinikabidhi bili ya simu, nikaketi na saa yangu na daftari langu, nikatoa za wateja wengine, nikabaki na zile za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa peke yake. Nililipa siku hiyohiyo, taslimu, bila kunung'unika: shilingi elfu nne, mia nane thelathini na sita na senti hamsini.