Gari Lililonuka Mawese

Gari la baba ulilinusa kabla hujaliona. Injini yake ilikuwa nyuma, chini ya sakafu ya mizigo, na kila mapipa ya mawese yalipotikiswa na mashimo ya barabara, mafuta yalipenya kwenye nyufa za bati yakaangukia chuma cha moto. Gari likawa linakaanga njia nzima. Likiingia Kasongo saa za adhuhuri, watoto walitoka nyuani wakidhani mtu anakaanga ndizi, wakaishia kuona moshi mzito wa rangi ya udongo na baba yangu ndani yake, kanzu imelowa jasho, akikazia macho barabara kama mtu anayemwongoza ng'ombe mkaidi. Mbele palikuwa na jina la kiwanda, kwa herufi za kung'aa zilizokwisha kupinda. Jina hilo sitaliandika, na hata siku zile halikuwa na kazi, kwa kuwa mji mzima uliliita Debe. Hata mimi, Mwavita, binti wa mwenye gari, niliyekuwa nimeanza juzijuzi kufunga kitambaa kichwani kama wasichana wakubwa, nililiita Debe, ila si mbele ya baba.

Baba, Amisi, alikuwa mchuuzi wa mpunga. Alinunua mpunga kwa wakulima wa pembeni na samaki wakavu kwa wavuvi wa Nyangwe, kisha akawakodi vijana wa baiskeli wausukume mzigo hadi Kabambare, alikokuwa amezaliwa mama. Masika mpunga ulilowa na kuchipua ndani ya magunia. Makamio ya Wazungu, yale malori makubwa, yalimpita njiani yakimrushia matope, na nadhani ni matope hayo, kuliko hasara, yaliyomuumiza. Aliposikia kwamba Kindu kunauzwa gari dogo la mizigo, rahisi kuliko magari yote yaliyowahi kuletwa huku kwetu, hakulala vizuri tena. Akiba yake haikutosha. Mama alikuwa na cherehani ya mkono barazani, aliyoshonea kanzu za Idi na sare za watoto wa shule, na sauti yake ndiyo niliyoamkia kila asubuhi tangu nipate akili. Cherehani iliondoka kichwani mwa mpagazi, imefunikwa shuka jeupe. Mama alisimama mlangoni akaitazama hadi ikakata kona ya msikiti. "Gari ikianza kazi, nitakununulia mupya," baba akamwambia. Mama akajibu, "Haya, Baba Mwavita," akaingia ndani kuwasha moto.

Kiangazi kile tulikuwa watu. Barabara ilikuwa ngumu na nyekundu, vibarua walikuwa wameipiga majembe kwa amri ya serikali, na Debe lilikwenda Kabambare na mpunga, likarudi na mapipa ya mawese, likiwa limechoka tu. Madebe yalikuwa matatu katika Kasongo. La pili lilikuwa la Mgiriki mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuvua kofia yake hata akila, na ndiyo maana tukamwita Bwana Kofia. La tatu lilikuwa la Petro, muuguzi wa hospitali, Mkristo wa familia ya wakulima, mtu wa soksi nyeupe na Kifaransa safi. Jioni wote watatu walikutana mbele ya duka la Kofia, na kwa kuwa duka lilikuwa karibu na kisima, niliyasikia maneno yao yote. Hapo mwanzo walisifu. Halinywi petroli nyingi, walisema. Likitumbukia mtaroni, wanaume wanne wanalinyanyua kama jeneza. Likiharibika, waya na kipande cha mpira vinatosha.

Mvua zilipoanza, sifa zikakoma. Tumbo la gari lilikuwa chini mno, likakaa juu ya matope huku magurudumu yakizunguka bure. Maji yaliingia milangoni. Mkanda wa injini ulikatika, ukafungwa, ukakatika tena, na mkanda mwingine haukupatikana Kasongo wala Kindu. Mwenye kuuza magari alijibu kila mara kwamba vipuri viko baharini. Kofia alilipiga teke gari lake mbele ya wateja. Petro, aliyelinunua ili asionekane akitembea kwa miguu kama zamani, alilifunika turubai nyuma ya nyumba na akarudi kutembea kwa miguu. Baba peke yake ndiye aliyeendelea kulitetea. Alisema bado halijazoea barabara. Nilimwona akilisugua vumbi kwa kitambaa cha kanzu iliyochakaa, kanzu ambayo kabla ya gari mama angemshonea nyingine kwa siku moja.

Katikati ya mvua hizo ikaja habari kwamba bibi, mama yake mama, hajiwezi kule Kabambare na anamwita binti yake. Kamio ya posta ilikuwa inaondoka asubuhi ileile. Mama alikwisha funga kifurushi, mdogo wangu yuko mgongoni, mimi nimeshika chungu cha wali. Baba akatoka uani mikono imejaa grisi.

"Unaenda wapi, Mama Mwavita?"

"Kamio ya posta inaondoka."

"Sisi tuko na gari yetu. Watu watasema nini, muke yangu anakalia magunia ya barua na gari iko nyumbani?"

"Mama yangu anakufa. Watu waseme."

"Iko tayari. Panda."

Tukapanda. Debe lilikwenda vizuri mpaka nikaanza kusinzia. Mbele ya daraja la magogo kulikuwa na mlima mfupi wa udongo mwekundu, na hapo katikati mkanda ukakatika. Injini ikalia kwa kelele, ikanyamaza. Baba alishuka, akavua kilemba, akaanza kazi yake ya waya na mpira. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza tena. Mama alikaa mbele akiutazama mlima ule, akimbembeleza mtoto kwa mguu mmoja.

Kamio ya posta ikatufikia. Ilipita pembeni kwa taabu, matairi yake makubwa yakikamua matope, ikasimama juu ya mlima. Shofere wake akatoa kichwa dirishani. "Mama apande! Iko nafasi ya mutu moja, watoto atawapakata!" Mama tayari alikuwa ameshika mlango. Baba, bila kuinua uso kwenye injini, akapaza sauti: "Wende tu, ndugu! Sisi tunawaka sasa hivi!" Shofere akangoja kidogo. Nilimtazama mama. Leo naweza kukuambia mambo mengi ambayo mwanamke wa siku zile angeweza kufanya, lakini kuwaonyesha watu wa kamio nzima kwamba neno la mumewe halina maana halikuwa mojawapo. Mkono wake ukauachia mlango. Kamio ikaondoka.

Debe halikuwaka. Tulilala ndani yake, na kulipopambazuka tukaliacha hapo, tukatembea. Tulipofika Kabambare wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa mikono. Mjomba alitupokea. "Alikuuliza sana," akamwambia mama. "Jana mushofere wa posta alisema muko njiani, tukamwambia muko njiani. Akangojea." Mama aliketi chini pale pale, katika maji ya kunawia. Baba alisimama nyuma yake akiwa ameshika kilemba chake kilichojaa grisi, na hakuna aliyempa kiti.

Miezi haikupita mingi, tukatangaziwa kwamba kiwanda kimemtuma Mzungu kutoka Ulaya kuwatembelea wenye magari. Nilidhani, na baba alidhani, kwamba malalamiko yamefika. Aliwakodi wafungwa kutoka kwa polisi wamsaidie kulisukuma Debe mpaka uwanja wa ofisi ya teritwari, yaani wilaya yetu, kwa maana lilikuwa limeburutwa kutoka mlimani na tangu hapo halikuwahi kuwaka. Magari matatu yakapangwa. Mgeni alikuwa kijana mwekundu wa jua, mchangamfu, na kamera kifuani. Bwana mkubwa wa teritwari, Mzungu wa serikali, aliketi kivulini na mbwa wake. Petro akawekwa katikati kutafsiri.

Mgeni hakuanza kwa kuuliza. Alianza kwa hadithi ya kiwanda. Babu aliyeanzisha kiwanda, alisema, alikuwa fundi maskini aliyeanza kwa kutengeneza cherehani katika chumba kimoja. Baadaye wanawe wakatengeneza baiskeli. Vita vilipokwisha, watu wa nchi yao hawakuwa na kitu, nao wakaamua kumpatia mkulima na seremala gari ambalo hata wao wangeweza kulinunua, gari la bati jembamba, bila cha ziada. Huko kwao, alisema, wakulima wanalipenda kama mtoto. Alisema haya macho yakimng'aa, na ninaamini hakudanganya. Baba alisikiliza kwa heshima, akauliza jambo moja: huko kwao barabara zikoje? Petro akatafsiri. Mgeni akajibu kwamba ni nzuri, nyingi zina lami.

Hapo ndipo mama, aliyekuwa amesimama nasi nyuma ya kamba pamoja na wanawake wengine, aliposema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Petro, umwambie. Mungebakia na cherehani. Mimi nilikuwa na cherehani, haikunisimamia njiani hata siku moja. Niliiuza juu ya hii debe yenu, na hii debe ilinikatalia kumuzika mama yangu. Umwambie vile nimesema."

Petro alimtazama mama, akamtazama bwana mkubwa, ambaye alikuwa ameacha kumkuna mbwa. Kila mtu alijua kwamba Petro alikuwa ameomba kadi ya serikali, ile ya Mwafrika kuhesabiwa mtu aliyestaarabika, na kwamba jibu lilikuwa mezani pa bwana yule. Akajikohoza, akasema maneno machache ya Kifaransa. Mgeni akacheka kwa furaha, akamwinamia mama kama wanavyowainamia wanawake wao, akaandika kitu. Mama hakujua Kifaransa, lakini cheko alilijua.

"Umemwambia nini?"

"Mama Mwavita, tafazali."

"Umemwambia nini, Petro?"

"Nimesema ulipenda sana cherehani," Petro akajibu, akiangalia soksi zake.

Kisha Bwana Kofia akasema ya kwake mwenyewe, kwa Kifaransa, bila kuhitaji Petro, akipiga bati kwa ngumi. Mgeni akawa mwekundu zaidi, akafungua sanduku nyuma ya gari lake, akatoa mkanda mpya ndani ya karatasi yake akampa. Baba alisogea. Mgeni akamwelekeza kwa mkono aingie ndani ya Debe akae kwenye usukani, kwa ajili ya picha. Baba akasema, "Mukanda, Bwana. Mimi pia niko na shida ya mukanda." Petro akatafsiri, na safari hii nadhani alitafsiri sawa, kwa sababu mgeni alifungua mikono yake mitupu kuonyesha kwamba umekwisha. Baba akaingia. Wafungwa wakaondolewa wasionekane. Mgeni akanyoosha kidole kwangu, akataka niketi mbele juu ya bati, niwe binti wa mwenye gari. Nilitembea kwenda. Nilikuwa nimekwisha kuweka goti, bati likiniunguza, mama alipoivuka ile kamba, akanishika mkono, akaniteremsha. Hakugombana na mtu. Aliniongoza nyumbani kwa mwendo wa kawaida, na baba akapigwa picha peke yake. Picha yenyewe hatukuletewa.

Debe halikuwaka tena. Baba alirudia baiskeli, na bati za gari zikaondoka moja moja kuziba mapaa ya majirani. Cherehani nyingine haikupatikana; mama alishona kwa mkono mpaka macho yakamshinda. Waliishi pamoja hadi mwisho wao, kwa adabu, lakini neno "Kabambare" baba hakulitaja mbele yake ila alipolazimika.

Sasa mimi ni mzee, na wajukuu ndio wanaokwenda huko, kwa pikipiki, maana barabara ile iliyopigwa majembe kwa amri imebaki kijia katikati ya majani, na kamio haipiti tena. Mwaka jana mjukuu wangu Saidi alitaka pikipiki ya bei ya chini kabisa. Aliketi karibu yangu na simu, akanisomea wanayosema wenye nazo, watu wa miji nisiyoijua: huyu analalamikia mnyororo, yule anasema breki ni za karatasi, mwingine anatukana kiwanda waziwazi na jina lake ameliweka juu. Nilimwambia arudie kusoma yale matusi. Sikuwa nayadhihaki. Nilikuwa nawaonea wivu watu hao, kwamba wanasema na maneno yao yanabaki vile walivyoyasema, bila mtu wa katikati.

"Basi umeona ilivyo mbaya," nikamwambia. "Utanunua gani?"

Saidi akazima simu. "Ile ile, bibi," akasema. "Ile njo naweza kununua."