Sekunde Ishirini za Mzee Usipepese

Kwa miaka thelathini na moja baba yangu alipiga picha za vitambulisho katika chumba kimoja chenye pazia la bluu. Kabla ya kubonyeza alisema neno moja tu, "Usipepese!", na wateja wakambandika jina hilo. Nusu ya mtaa wetu inatembea na picha zake mfukoni, macho yamewatoka pima.

Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Alichoambiwa na daktari alikikataa katakata, mpaka siku kamera ilipomponyoka mbele ya bibi harusi, lenzi ikapasuka. Alifunga studio siku hiyo hiyo. Kamera akaitia kwenye boksi la viatu, na kwa miaka miwili hakuigusa wala hakutaka itajwe. Alishinda barazani, mikono kaibana mapajani. Niliogopa atazeekea pale pale, akijiona si mtu wa kazi tena.

Mimi ni msusi. Siku moja nilikuwa namsuka mwalimu wa fizikia, akaniambia kamera inaweza kupiga picha bila lenzi, tundu dogo linatosha. Nilidhani ananitania. Jumapili nikakata kipande cha kopo la soda, nikakitoboa, nikakibandika penye lenzi kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, nikatia filamu, nikapiga. Baba alinipita mara tatu, kajitia hamnazo.

Picha nilizosafishiwa dukani zilikuwa ukungu mtupu.

"Uji huo?" baba aliuliza, shingo imemrefuka.

"Mlango wetu, baba."

"Mlango! Umetoboa kwa msumari? Lete sindano ya shanga. Na kingo zisuguliwe kwa msasa."

Nilikimbia kuileta kabla hajaghairi. Mimi nikatoboa, yeye akasimamia kama nyapara, akikataa tundu moja baada ya jingine. La tano ndilo alilolikubali.

Kwa tundu dogo namna hiyo picha haipigwi kufumba na kufumbua. Kamera inawekwa juu ya kitu kilichotulia, unabandua utepe uliofunika tundu, mwanga unaingia taratibu kwa sekunde kama ishirini, unabandika tena. Hakuna haja ya kuishika. Nilimweleza hayo huku nakunja taulo zangu, kana kwamba sina langu jambo.

"Kaa pale," akasema.

Nikakaa kwenye kiti chake barazani. Kamera aliiweka mezani, akaibana kwa matofali mawili. Vidole vyake vilihangaika na ule utepe mpaka nikanyanyuka kumsaidia.

"Kaa, nimesema! Kidevu juu kidogo, mama. Bega la kushoto lishuke. Haya, usipepese."

Miaka miwili sikuwa nimeisikia sauti ile. Akaanza kuhesabu polepole, kifua mbele, na mimi nikajikaza kisabuni.

Filamu aliisafisha mwenyewe stoo, maana watu wa dukani hakuwaamini hata chembe. Kumbe chombo cha dawa kinatakiwa kitikiswe kila mara.

"Hapa sasa wamepata fundi," alisema, akinyanyua mikono yake. Tulicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Asubuhi akaiinua filamu dirishani. Kwenye filamu cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe, mimi sielewi kitu, lakini yeye huisoma kama gazeti. Ukuta ulikuwa safi. Kiti kilikuwa safi, hata ufa wa mguu wake ulionekana. Uso wangu na mabega vilikuwa moshi mtupu.

Aliisogeza karibu na macho. Nilijua akijilaumu, ile kamera inarudi kwenye boksi na haitoki tena.

"Meza haikutikisika," alisema. "Kamera nayo haikutikisika." Akanigeukia. "Aliyetikisika ni wewe. Ulikuwa unalia?"

"Ndiyo, baba."

Akaniwekea mkono begani, ukitetemeka vile vile, bila kuuficha.

"Basi leo tunarudia," akasema. "Ila safari hii lia kwanza, umalize, ndipo nianze kuhesabu."