Alama za Binti Yangu

Alama ya kwanza niliiona nikimwogesha, kwenye paja, pana kama kiganja, rangi ya zambarau. Nilimuuliza binti yangu kama alianguka shuleni.

"Sikuanguka, mama. Nimeamka tu nayo."

Sikumwamini. Tuliishi Mkuyuni, na watoto wote wa pale walishinda wakiparamia mawe. Nikafanya kama tulivyofanyiwa sisi kwetu Kagera: nikachemsha maji ya chumvi, nikamkanda na kumchua kwa nguvu ili damu iliyovilia itawanyike. Alilia sana. Asubuhi alama ilikuwa imepanuka, na nyingine zimetokea pale vidole vyangu vilipombana.

Kwenye zahanati muuguzi alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Ngozi ni nzima, lakini ndani mishipa midogo imepasuka, damu imekosa pa kutokea. Ukiichua ingali mbichi unaiongeza. Mwekee kitambaa cha maji baridi, mwinulie mguu, apumzike. Maji ya vuguvugu baadaye, uvimbe ukishatulia."

Nilifuata yote. Ile ya pajani ikageuka kijani, kisha manjano, ikafifia. Lakini mgongoni na mikononi zilikuwa zimeota nyingine.

Mwalimu wake akaziona, akampelekea habari balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi alikuja na mama mmoja wa jirani.

"Mama, nani anampiga huyu mtoto?"

"Hapigwi, ndugu balozi."

"Baba yake?"

"Baba yake yuko Magu, kwenye ununuzi wa pamba."

"Basi umebaki wewe."

Binti yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama hanipigi." Yule jirani akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyefundishwa uongo.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Jioni nikiwa nje naosha vyombo, nilimsikia ndani akimuuliza mtoto polepole, "Niambie mimi. Mama anakufanya nini nikiwa sipo?" Niliendelea kuosha. Sufuria ilikuwa imeshatakata.

Kisha fizi zikaanza kuvuja damu, na pua. Tukampeleka hospitali kubwa, wakampima damu, na pale sindano ilipoingia pakawa peusi. Daktari alituita sote wawili.

"Huyu hajapigwa na mtu. Damu yake yenyewe inaumwa, haigandi inavyotakiwa. Ndiyo maana anavilia damu hata kwa kuguswa."

"Dawa yake?" mume wangu aliuliza.

"Ya kumponya hatuna. Tutamwongezea damu, apate nafuu kidogo."

Walimwongezea damu ya baba yake. Kwa siku chache alikaa kitandani akila ndizi na kucheka, nikaanza kupanga habari za kurudi shule. Alama zikarudi, nyingi kuliko mwanzo. Alipotaka kugeuzwa nilitandaza khanga chini yake na kuinua khanga, nisimshike yeye.

"Mbona hunishiki?" aliniuliza.

Nikamshika. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Mume wangu alimweleza balozi maneno ya daktari, na balozi akasema, "Tumesikia." Hakuna aliyekuja kuniambia neno jingine. Kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, wanawake waliendelea kuwavuta watoto wao upande wa pili nilipopita. Mume wangu alirudi Magu, msimu wa pamba ulikuwa haujaisha. Hakuniomba radhi kwa lile swali, nami sikuwahi kumwambia kwamba nililisikia.