Nani Alizichafua Hela za Yohanes

Yohanes wa Malangali ni mtu mwema kabisa, ila usimguse kwenye hela zake. Si hela za kununulia sukari. Ni zile sarafu za shaba za enzi za Mjerumani alizorithi kwa babu yake, ambazo kila mgeni lazima aonyeshwe, hata aliyekuja kuleta habari ya msiba.

Mvua za kwanza zilipogonga bati, alizitoa akakuta maajabu. Zamani zote zilikuwa na rangi moja ya kahawia iliyotulia. Sasa moja ina ukijani pembeni, nyingine ina mstari mweusi, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nusu kahawia, nusu nyekundu, na doa jeusi juu yake. Yohanes akashika kiuno.

"Nimerogwa!"

Mchawi akampata papo hapo. Nani kama si Shigela, jirani yake mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga? Si alizitazama hela zile, akasema, "Nzuri, jirani," kisha akanyamaza? Anayenyamaza ana lake! Jumapili, watu wakitoka misa, Shigela akapita na ng'ombe wake. Yohanes akamwita mchawi mbele ya waumini wote. Shigela alimtazama tu, akawaswaga ng'ombe, akaenda zake.

Jamani, hasira hasara. Plau ni ya Shigela, na ng'ombe wa kuikokota ni wa Shigela, na kila msimu ndiye aliyekuwa akimlimia Yohanes. Sasa wenzake wanapanda mahindi, shamba lake limeota magugu mpaka kuku wanapotelea humo.

"Baba Faith," mkewe Coleta akamwambia, "mwaka huu tutasonga ugali wa shaba."

Faith, binti yao anayefundisha kemia sekondari, alipokuja likizo akaomba kuziona zile hela.

"Baba, ulikuwa unaziweka wapi?"

"Pa siri! Nilizifunga kwa mpira wa kufungia noti, nikazifukia kwenye gunia la ulezi. Mwizi gani atachimba ulezi?"

"Huo ulezi ulikuwa umekauka?"

"Si sana."

"Basi ukijani ni wa unyevu. Mpira nao una salfa, ndiyo imechora huo mstari mweusi. Na hii nyekundu?"

Yohanes akajikuna kisogo. "Niliisugua kwa ndimu ing'ae. Nikachokea nusu."

Faith akaigeuza kwenye mwanga. Lile doa lilikuwa alama ya dole gumba, mistari yote ikionekana, na kovu limepita katikati. Coleta akaunyakua mkono wa mumewe, akalinganisha kovu na kovu, akacheka mpaka akakaa chini. Kila akimaliza kula migebuka, wale samaki wa chumvi, mzee huyu hukaa akiipapasa hela yake kipenzi.

"Jasho na chumvi, baba," Faith akasema. "Shaba haivipendi kabisa."

Yohanes aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoka hivyo hivyo kwenye mvua, bila kofia, hadi zizini kwa Shigela.

"Jirani, mchawi nimempata. Ni mimi, na mkono wangu huu wa jasho na chumvi ya samaki. Nisamehe."

"Uliniita mchawi mbele ya watu."

"Na Jumapili nitajiita mimi, mbele ya watu wale wale."

Yohanes akanyoosha mkono wa amani. Shigela akautazama ule mkono, akarudisha wa kwake nyuma.

"Nenda kanawe kwanza," akasema, "halafu njoo tufunge plau."