Nge Wangu na Wiki Kumi na Moja

Tangazo la ajira za askari lilisema mwombaji asiwe na tatuu. Mimi nilikuwa na nge kwenye mkono wa kulia, mkia umefika karibu na kiwiko. Rafiki yangu wa Lindi alinichora bure, na kazi yenyewe ilikuwa ya bure kweli: nge ana miguu saba badala ya minane. Nilihesabu, nikarudia. Kwa umri wangu hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, na ukaguzi ulikuwa baada ya wiki kumi na moja.

Nilianza na njia ya kwetu. Kijijini kwetu Nyangamara, kila mtoto anayajua mafuta ya ganda la korosho; yakikugusa, ngozi inabambuka. Nikasema kama yanaondoa ngozi, na nge ataondoka nayo. Nikapaka. Ngozi ikaondoka. Nge akabaki, tena amevimba kama aliyekula akashiba.

Mama akautazama ule mkono. "Mwanangu, korosho tunabangua sisi. Wewe imekubangua."

Wiki moja imekwisha. Nikapanda basi hadi Dar, kwenye kliniki ya ngozi yenye mashine ya leza. Daktari, mama wa makamo, hakuigusa hata swichi.

"Kidonda hiki sipigi leza. Urudi baada ya wiki nne."

"Tufanye mbili, dokta."

"Nne."

"Tatu, tusiumizane."

"Nne, mdogo wangu. Hapa si sokoni."

Niliporudi zilibaki wiki sita. Akanivalisha miwani mizito, akapuliza hewa ya baridi, akaanza. Ta, ta, ta. Ni kama kukaanga samaki bila shati, mafuta yanakurukia palepale yaliporuka mwanzo. Mistari ikageuka myeupe kama chaki, nikashangilia.

"Usifurahi," akasema. "Hiyo ni hewa tu chini ya ngozi. Itatulia sasa hivi."

Sijafika stendi, nge kawa mweusi tena. Zaidi ya hapo nilipewa malengelenge ya kutopasua, dawa ya kupaka, na amri ya kutoanika mkono juani. Mimi nauza pweza Kilwa Masoko. Nikashinda na mikono mirefu, wateja wakiniuliza kama nimeoa kwa watu wa dini sana.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka kliniki, nilimbana daktari. "Zinatakiwa mara ngapi?"

"Sita, huenda zaidi. Kwa kovu lako, kila baada ya wiki nane."

"Tumalize zote wiki hii. Nichukulie mteja wa jumla."

"Mashine inavunja wino tu. Anayeutoa ni mwili wako, na wenyewe hauna haraka ya ajira."

"Basi ongeza moto."

"Ngozi nyeusi ukiizidishia moto inabaki na mabaka. Unataka nge mweupe?"

Siku ya ukaguzi, Lindi, tulipanga mstari vifua wazi. Afande akanishika mkono, akaugeuzia kwenye mwanga. Nge alikuwa amefifia kijivu, juu yake kovu la korosho linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Nini hiki?"

"Kovu, afande."

"Kovu lina mkia?"

Mstari mzima ukacheka. Nikamweleza kuhusu leza, kwamba nimeshapigwa mara moja, zimebaki tano.

"Zinaisha lini?"

"Wiki thelathini na nne, afande."

Akaniachia mkono. "Pole. Anayefuata."

Nilivaa shati huku bado namweleza kwamba mguu mmoja umeshafutika kabisa.